Muulize Fundi: "Kompyuta ni yangu, mbona inaniambia sina ruhusa?"

Safari hii maswali yamekuja mengi ya aina moja, kutoka Ngamiani, Chumbageni, Makorora mpaka Muheza, watu wanalalamika kompyuta zao wenyewe zinawakatalia. Huyu printa haiingii, yule mafaili yake hayafunguki, mwingine kanunua laptopu inamuuliza imeili ya mtu asiyemjua. Nimeamua niyajibu kwa pamoja maana yanashikana.

Naomba kitu kimoja tukielewe kabla hatujaanza. Kuweza kuingia kwenye kompyuta ni jambo moja, kuwa admini wa hiyo kompyuta, yaani msimamizi mwenye ruhusa ya kubadili mfumo na kuweka programu, ni jambo la pili, na kuwa mmiliki wa faili ni jambo la tatu. Unaweza ukawa na moja ukakosa mawili. Mafundi wengi wakishaona tu maneno "Access is denied" wanakwambia hapa dawa ni kupiga Windows upya, na hapo ndo picha za harusi, hesabu za duka na ripoti za wanafunzi zinapotea wakati hazikuwa zimeharibika hata kidogo, zilikuwa zimefungwa tu. Hilo linaniuma kweli.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina stesheneri hapa Ngamiani, natoa fotokopi, naprinti, najazia vijana maombi ya mkopo. Mtoto wa dada yangu alikuja likizo akanitengenezea kompyuta ilikuwa nzito. Akasema ikiwaka inaleta majina mawili, langu na la Administrator, akalitoa hilo la Administrator eti linachanganya wateja. Sasa nimenunua printa mpya haiingii, inaleta kiboksi cha kuomba ruhusa lakini kitufe cha Yes kimefifia hakibonyezeki na hakuna hata pa kuandika paswedi. Kijana nikimpigia anasema hajaharibu kitu. Ni Windows 10. Kuna fundi anataka nimpe hela aipige upya, nimpe?

JIBU: Dada yangu, usimpe kwanza. Kijana wako hakuharibu kitu kwa makusudi ila amekuachia nyumba bila admini hata mmoja. Tangu Windows Vista, ile akaunti yenyewe inayoitwa Administrator inakuja imezimwa, haionekani mpaka mtu aiwashe. Inavyoonekana aliiwasha ili afanye kazi zake, akiwa humo akaibadili akaunti yako ikawa ya kawaida, ile inayoitwa Standard, halafu akamaliza kwa kuizima Administrator. Kwa hiyo hicho kiboksi kikija kinatafuta admini wa kuandika paswedi hapo chini, hakimpati, ndo maana Yes imefifia. Mashine ni nzima kabisa.

Hakikisha kwanza. Bonyeza Start, andika cmd, lifungue lile dirisha jeusi kisha andika hivi:

net localgroup Administrators

Itakuletea majina. Ukiona jina moja tu la Administrator basi ni hivyo nilivyosema. Ukiona na jina jingine, labda la huyo kijana, basi yeye ndo admini wako na njia fupi ni akupe paswedi ya akaunti yake, maana hii ninayokuelekeza hapa chini inafanya kazi pale tu ambapo hakuna admini mwingine aliye hai kwenye mashine.

Kabla ya kugusa chochote kopi kazi zako zote uziweke kwenye diski ya nje, hilo halihitaji uadmini, mafaili yako unayasoma vizuri tu. Na kama ni laptopu ichaji mpaka ijae, kama ni ya mezani fanya wakati umeme umetulia.

Sasa, ukiwa kwenye ukurasa wa kuingilia shikilia Shift kwenye kiibodi, huku umeshikilia bonyeza alama ya kuzimia kisha Restart. Itakuja skrini ya bluu. Nenda Troubleshoot, halafu Advanced options, halafu Startup Settings, halafu Restart. Ikirudi itakupa orodha yenye namba, bonyeza 4, hiyo ni Safe Mode, yaani Windows inawaka na vitu vya lazima tu. Ikikuuliza namba ndefu ya tarakimu 48 usishtuke, maana yake diski imefungwa kwa BitLocker, na namba hiyo kwa kawaida imehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuianzisha hiyo kompyuta, ingia kwa simu uitafute. Kama hukuipata simama hapo hapo, usiendelee kubahatisha.

Safe Mode ina utaratibu wake ambao wengi hawaujui: ikikuta mashine ya nyumbani au ya duka haina admini hata mmoja aliyebaki, inaruhusu ile Administrator iliyozimwa iingie, makusudi kabisa, kwa ajili ya balaa kama lako. Utaliona jina lake, liguse, mara nyingi halina paswedi, unabonyeza Enter tu. Ukishaingia fungua cmd, andika net user uone jina lako linavyoandikwa ndani ya mashine, maana kama unaingia kwa imeili mara nyingi Windows imechukua herufi tano tu za mwanzo, halafu andika hivi, pale kwenye jina weka jina lako na hizo alama za kufunga na kufungua ziache:

net localgroup Administrators "jina" /add

Ikijibu kwamba imefanikiwa iwashe upya kawaida, jaribu printa yako. Yes itakuwa imeamka.

Kuna mashine chache zinagoma hata hapo. Wengi wakifika hapo wanakimbilia Reset ya Keep my files, ile ya kuijenga Windows upya huku mafaili yakibaki, na inawaambia hakuna akaunti ya admini kwenye kompyuta hii, inagoma pia. Hapo sasa ndo kupiga upya kunakuwa na sababu, na kwa kuwa mafaili uliyatoa mapema huna cha kulilia. Tafuta fleshi ya GB 8 au zaidi, iandaliwe kwa ile programu ya Microsoft yenyewe, usikubali Windows ya kuokotwa. Na muulize huyo fundi kama mashine yako inabeba Windows 11, kwa sababu Windows 10 iliacha kupewa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, hakuna haja ya kulipia kurudi palepale.

Lingine dada yangu. Lile wazo la kijana la kukuweka wewe kwenye akaunti ya kawaida sio baya hata kidogo, kwa kazi ya stesheneri mimi naliunga mkono kabisa, kutwa nzima fleshi za watu zinaingia na kutoka na kirusi kikiingia kwenye akaunti isiyo na uadmini kinafika sehemu chache. Alichosahau ni kuacha admini wa pili. Kwa hiyo tengeneza akaunti nyingine, ipe uadmini, iwekee paswedi, iandike kwenye karatasi ifungie kwenye droo ya hela, halafu ndo akaunti yako ya kila siku uirudishe kuwa Standard.

SWALI: Salamu fundi. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu hapa Chumbageni. Laptopu yangu imekufa haiwaki, nikatoa diski yake nikaitia kwenye kava la USB nikachomeka kwenye laptopu ya mke wangu. Inaonekana, lakini nikifungua folda ya Users yenye jina langu inasema sina ruhusa, nikibonyeza Continue inazunguka weee mwisho inasema nimekataliwa. Nikatengeneza akaunti yenye jina lile lile na paswedi ile ile bado. Humo kuna hesabu za wanachama za miaka yote.

JIBU: Kaka, wanachama wako wasiwe na wasiwasi, kama diski inaonekana na inataja majina ya folda basi hesabu zipo. Ila sikiliza kwanza, ikiwa diski inatoa mlio wa kugonga gonga, tik tik tik, chomoa sasa hivi, hilo ni tatizo la ndani ya diski na kila dakika ikiwa imewaka unaipunguzia uhai. Kama imetulia tuendelee.

Umetengeneza akaunti yenye jina lile lile na imegoma kwa sababu Windows haikujui kwa jina. Kila akaunti inapozaliwa inapewa namba, inaanza na S-1-5-21 halafu tarakimu kibao, akaunti ya watu wa kawaida mwishoni huwa na namba kama 1001, ile ya Administrator huishia na 500. Kila faili kwenye diski ya NTFS, ule mpangilio wa kawaida wa diski za Windows, lina orodha ya namba zinazoruhusiwa kuligusa na namba ya mmiliki. Ukipeleka diski kwenye mashine nyingine, au ukipiga Windows upya kwenye mashine hiyo hiyo, namba yako mpya haipo kwenye orodha, hata kama jina, paswedi na sura ni vilevile. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, nenda Properties, kisha Security, utaiona namba yako ya zamani imekaa pale imeandikwa Account Unknown. Huyo ni wewe wa zamani.

Watu wengi hapa wanakimbilia kubadilisha umiliki wa diski nzima. Inawezekana, na nitakueleza, lakini kwako mimi naanza na njia isiyoigusa ile diski kabisa, maana ndo nakala pekee ya hesabu za watu. Kwenye laptopu ya shemeji ingia kwa akaunti yenye uadmini, andika cmd kwenye Start, libofye kwa kitufe cha kulia uchague Run as administrator, halafu tengeneza folda ya kupokelea na uandike hivi, ukiweka herufi ya diski yako na jina la folda yako:

robocopy "F:\Users\jina" "D:\Okoa" /E /B /XJ /R:1 /W:1

Hiyo B ndo yenye kazi, inasoma mafaili kwa haki ya kufanya bakapu ambayo maadmini wanayo, kwa hiyo haiulizi orodha ya ruhusa. XJ inairuka ile mitego ya folda zinazojirudia kama Application Data. R na W usiziache, kwa sababu usipozitaja robocopy ikikutana na faili bovu inarudia mara milioni moja na kila mara inasubiri sekunde 30, utakufa hapo hapo umekaa. Mafaili yakifika upande wa pili yanarithi ruhusa za folda yaliyofikia, yanafunguka kama kawaida. Fungua daftari la kikoba, angalia mwezi wa mwisho kama upo, halafu kopi tena sehemu ya pili kabla hujafurahi.

Ukitaka sasa kuirudisha diski yenyewe kwenye mikono yako, hapo ndo unatwaa umiliki. Kwenye cmd ile ile ya uadmini:

takeown /f "F:\Users\jina" /r /d y

icacls "F:\Users\jina" /grant Administrators:F /t /c

Amri ya kwanza inakufanya mmiliki, ya pili inawaingiza maadmini kwenye orodha. Ni hatua mbili kwa sababu kumiliki peke yake hakukupi kusoma, kunakupa haki ya kuandika orodha upya. Ni kama mwenye nyumba aliyepoteza ufunguo, mlango haumfungukii lakini hakuna wa kumzuia kubadilisha kitasa. Ndo maana hata mtu akikuwekea alama ya Deny, ambayo kwa kawaida inaishinda Allow na inamfungia nje hata admini, ukishakuwa mmiliki unaweza kuifuta.

Na ukute faili lina alama ya kufuli au kwenye Windows za zamani jina lake ni la kijani, hilo limefungwa kwa EFS, ile njia ya Windows ya kulifumba faili lisomeke kwa akaunti yako tu, umiliki hausaidii, linataka cheti cha akaunti yako ya zamani. Kama hukuwahi kuiwasha hiyo EFS mwenyewe, basi huenda halikuhusu.

SWALI: Broo nisaidie, mimi nipo Makorora. Kuna faili moja lilikuwa linagoma kufutika kwenye Program Files, nikaona maelekezo nikafanya takeown na icacls ya Everyone kwenye C nzima. Lilifutika kweli, lakini sa hivi Start haifunguki, Settings ikifunguka inajifunga, baadhi ya programu hazitaki. Nirudishe vipi?

JIBU: Mdogo wangu, nakwambia ukweli, amri ya kulirudisha hilo kwa mpigo mmoja haipo. Mafaili ya mfumo hayamilikiwi na wewe wala na maadmini, tangu Vista yanamilikiwa na huduma inayoitwa TrustedInstaller, na kila folda ina orodha yake tofauti. Umemtoa huyo mmiliki kila mahali na kuzivuruga orodha zote kwa mpigo. Sehemu nyingine zilirithi, nyingine hazikutakiwa kurithi, na programu zile za Start na Settings zina ruhusa zake maalumu ambazo zimekwenda na maji. Usifanye icacls ya reset kwenye C nzima kama wanavyoshauriana watu, hiyo inazidi kuvuruga. Na sfc, ile amri ya kukagua na kurekebisha mafaili ya mfumo, haitoshi kwa vurugu ya ukubwa huo.

Kinachofanya kazi ni kuisimika Windows juu ya yenyewe. Pakua faili la ISO, lile lenye Windows nzima ndani yake, la Windows ile ile kutoka Microsoft, lifungue ukiwa ndani ya Windows, bonyeza setup, na pale inapouliza ubaki na nini chagua mafaili na programu zako zote. Inaujenga mfumo upya na ruhusa zake, vitu vyako vinabaki. Bakapu kwanza, hata hivyo.

Na lile faili lililokuwa linagoma, lingetolewa lenyewe peke yake. Takeown na icacls vinaelekezwa kwenye faili au folda unayoijua, unaitaja kwa jina, na kabla ya hapo unaandika icacls jina la folda, /save na jina la faili la kuhifadhia, inakuwekea orodha ya zamani pembeni ili ukikosea una pa kurudi. Everyone mwenye Full control ni kwamba kila programu unayoifungua, pamoja na kirusi, inaweza kuandika popote. Naomba uwaambie na wenzako hapo kijiweni.

SWALI: Fleshi yangu imejaa shotikati, nikibonyeza folda inaleta kitu kingine. Fundi wa chuo kasema ni permission nichukue umiliki. Kweli?

JIBU: Sio kweli. Fleshi nyingi zimefomatiwa FAT32 au exFAT na hizo hazina orodha ya ruhusa kabisa, hakuna umiliki wa kuchukua. Hicho ni kirusi, kimezificha folda zako halisi kikaweka shotikati zake. Usizibonyeze. Kwenye mashine yenye antivirusi iliyo hai skani fleshi kwanza, kisha fungua cmd uandike, ukiweka herufi ya fleshi yako:

attrib -h -r -s E:\*.* /s /d

Folda zitajitokeza, kopi mafaili yako, futa shotikati, fomati. Na kama fleshi inasema imezuiwa kuandikwa na haina swichi ya pembeni, mara nyingi imezeeka na imejifunga yenyewe isiandikwe tena, toa vitu vyako ununue nyingine.

SWALI: Mwalimu wa sekondari, Muheza. Maabara yetu ya kompyuta inatumia Ubuntu badala ya Windows. Nilitaka kujiongeza kwenye grupu la vboxusers nikaandika sudo usermod -G vboxusers na jina langu. Kuanzia hapo kila nikiandika sudo naambiwa simo kwenye faili la sudoers na tukio litaripotiwa. Litaripotiwa wapi, na nifanyeje?

JIBU: Shikamoo mwalimu. Halijaenda popote nje ya mashine yako, linaandikwa kwenye kumbukumbu za mfumo humo humo, usihofu.

Kilichokupata ni herufi moja. Ile -G ikiwa peke yake inasema magrupu ya ziada ya mtu huyu yawe haya tu, kwa hiyo umeingia vboxusers na ukatolewa kwenye mengine yote likiwemo sudo, lile la wenye uadmini. Ilitakiwa iwe -aG, hiyo a ndo ya kuongeza. Iwashe upya mashine, ikianza tu shikilia Shift, au kwa zile mashine mpya za UEFI gusa gusa Esc, mpaka itokee menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mashine iwakeje. Chagua Advanced options for Ubuntu, kisha mstari wenye recovery mode, kisha root, yaani admini mkuu. Ukipata sehemu ya kuandika:

mount -o remount,rw /

usermod -aG sudo jina

reboot

Ule mstari wa kwanza ni wa lazima maana ukiingia kwa njia hii diski huwa ni ya kusomwa tu. Halafu uyarudishe na magrupu mengine uliyokuwa nayo, kwa mfano lile la lpadmin la kusimamia printa, vinginevyo utashangaa hilo nalo.

Umeuliza pia chini ya barua kuhusu wanafunzi wanaoweka chmod 777 kila mahali ili kazi zao zisigome. Wafundishe hizo namba mwalimu, ni hesabu nyepesi wataipenda: kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha ni 1, na tarakimu tatu ni za mmiliki, grupu na wengine wote. Kwa hiyo 640 ni mmiliki anasoma na kuandika, grupu linasoma, wengine hawana kitu. Mtoto akishaona hivyo mwenyewe anajua 777 ni kuwapa wote kila kitu. Na wakiipitisha kwenye folda za mfumo hata sudo inaweza kukataa kufanya kazi, itasema lazima imilikiwe na uid 0, yaani root, na iwe na alama ya setuid, ile inayoiruhusu kufanya kazi kama root, na hapo unarudi kwenye recovery ile ile unaandika chown root:root /usr/bin/sudo, halafu chmod 4755 /usr/bin/sudo.

SWALI: Nina studio ya picha. Fotoshopu inakataa kusevu kwenye Documents na Pictures, ila kwenye diski D inakubali. Mimi ni admini.

JIBU: Nenda Windows Security, Virus & threat protection, halafu Ransomware protection, angalia kama Controlled folder access imewashwa. Hiyo inazuia programu isiyoiamini kuandika kwenye folda hizo hata kama wewe ni admini. Usiizime, iache ikulindie picha za wateja, iongeze hiyo programu kwenye orodha ya zinazoruhusiwa basi.

SWALI: Bosi wetu wa zamani ameondoka na paswedi ya kompyuta ya ofisi. Naomba njia ya kuivunja, nitafanya mwenyewe kimyakimya.

JIBU: Kimyakimya hapana, kaka. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inasema kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa, na kompyuta ni ya ofisi, sio yako wala ya bosi aliyeondoka. Andika barua kwa uongozi, wakupe au wampe fundi idhini kwa maandishi, mumpigie huyo bosi mbele ya shahidi. Mara nyingi anaitaja kwenye simu na kazi inaisha. Ukiwa na ile barua mkononi njoo, tutaifungua mchana kweupe.

SWALI: Fundi, nimenunua laptopu ya mtumba, nzuri, kava halina hata mkwaruzo. Nilivyoipiga Windows upya na kuunga intaneti ikaleta ukurasa wenye jina la kampuni ya nje inataka imeili ya kazini. Nimeipiga tena, inarudi palepale. Wanasema kuna namna ya kuiruka. Nipo Duga.

JIBU: Dada, pole sana, na nakusihi usiitumie hiyo namna ya kuiruka. Hiyo laptopu imesajiliwa na kampuni kwenye huduma ya Microsoft inayoitwa Autopilot. Usajili haupo kwenye diski, upo kwao, wameandika alama za vifaa vya hiyo mashine, kwa hiyo ukifomati au hata ukibadili diski ikikutana tu na intaneti mwanzoni inauliza na kuletewa jina la kampuni. Ukiiruka bila intaneti utaitumia, lakini siku utakapoifomati itarudi kule kule, na mashine inabaki kuwa ya watu kwa mujibu wa rekodi zao. Huenda kampuni iliiuza kihalali ikasahau kuitoa kwenye orodha, huenda pia imeibiwa, na kwa kuiangalia tu huwezi kutofautisha.

Wa kuombwa kuifungua ni kampuni hiyo. Irudishe kwa aliyekuuzia ukiwa na picha ya ukurasa huo na risiti, yeye ndo mwenye njia ya kumfikia aliyemletea, aombe laptopu itolewe kwenye usajili au akurudishie hela. Akikuzungusha na akakataa kukwambia alikoitoa, nenda polisi mapema ujieleze wewe kabla hujaelezewa.

Na ukienda kununua nyingine, usiridhike kuiona inawaka ikiwa imeshaandaliwa na jina la dukani. Mwambie muuzaji aifanyie Reset mbele yako, ya Remove everything, mkiwa mmeshaiunga na intaneti ya simu yako. Ikifika kwenye kutengeneza akaunti bila kutaja kampuni wala shule yoyote, hapo sawa. Kisha izime, uiwashe ukigusa kitufe cha kuingilia BIOS, ile mipangilio ya mashine yenyewe kabla ya Windows, F2 au F10 kutegemea aina, kama inadai paswedi ambayo muuzaji haijui iache mezani. Inachukua muda kidogo na muuzaji atanung'unika, mwache anung'unike, subiri mpaka imalize, ndo utoe hela na udai risiti ya EFD yenye namba ya utambulisho ya mashine (serial number) imeandikwa.